Sura ya Sita: Mhakiki, Shabiki na Kicheko cha Kibandani

Tarehe 5 Julai 2023 kampuni ya Disney ilitoa mfululizo wa katuni kumi fupi, zote hadithi za kisayansi, zote zimetungwa na Waafrika, chini ya jina la Kiswahili: Kizazi Moto. Kazi iliongozwa na studio ya Triggerfish ya Cape Town. Waongozaji walitoka Afrika Kusini, Zimbabwe, Uganda, Kenya, Nigeria na Misri. Mmoja wa wasimamizi wakuu alikuwa Peter Ramsey, Mmarekani mweusi aliyeshiriki kuongoza katuni ya Spider-Man: Into the Spider-Verse, iliyopata Oscar mwaka 2019.

Sifa zilianza kumiminika wiki hiyohiyo. Wahakiki wa magazeti ya ng'ambo walisifu rangi, michoro, muziki na ujasiri wa kuiwaza Afrika ya kesho. Wengine walilalamika kwamba kila hadithi ilikuwa fupi mno, inakwisha mtazamaji ndiyo kwanza anakolea. Lakini mtu wa Mkolani, hapa jijini Mwanza, hakuwa na la kusema, maana hakuwa ameiona. Huduma ya Disney+ ilikuwa imeingia Afrika Kusini na nchi za kaskazini, kama Misri na Moroko, mwaka 2022. Tanzania, Kenya na Uganda hazikuwamo. Mfululizo wenye jina la Kiswahili ulihukumiwa kwanza na watu wasiojua Kiswahili, na wenye lugha yao wakabaki kuchungulia vipande vya dakika moja moja kwenye simu.

Hapo ndipo penye kiini cha sura hii. Kila kazi mpya ya sayansi ya kubuni inapotoka, hasa ile yenye vichekesho, hukumu zake hutoka mahali pawili: kwa mhakiki anayeandika, na kwa shabiki anayetazama. Mara nyingi hukumu hizo hazipatani. Naamini kwa dhati kwamba kila upande unaona jambo ambalo mwenzake halioni. Naamini pia kwamba sisi wa Kanda ya Ziwa tuna mashabiki hodari sana wa aina hii ya kazi, ila hatujapata wahakiki wa kuandika kile ambacho mashabiki hao wanakisema kila jioni.

Asilimia thelathini na tisini

Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka Marekani. Tarehe 10 Septemba 2017 kituo cha Fox kilianza kurusha The Orville, tamthilia ya chombo cha anga miaka 400 ijayo. Mtunzi wake, Seth MacFarlane, alijulikana kwa Family Guy, katuni ya utani mkali iliyoanza mwaka 1999, na humu alicheza mwenyewe kama nahodha Ed Mercer. Msaidizi wake mkuu chomboni ni mwanamke aliyekuwa mke wake kabla hawajaachana, na ugomvi wao wa nyumbani unaingia hadi kwenye chumba cha usukani, mbele ya wafanyakazi wote.

Wahakiki waliotumiwa vipindi vya mwanzo waliipiga vibaya. Kwenye mtandao wa Rotten Tomatoes, unaokusanya hukumu za magazeti, sizoni ya kwanza ilipata takriban asilimia 30. Alama za watazamaji kwenye ukurasa huohuo zilipita asilimia 90. Mwezi huohuo ilianza Star Trek: Discovery, na yenyewe ikapata bahati ya kinyume: wahakiki waliipokea vizuri, huku mashabiki wengi wa siku nyingi wakinung'unika.

Ni rahisi kusema kwamba wahakiki walikosea. Nikiitazama sizoni ile leo, naona walichokisema kilikuwa kweli. Utani wa vipindi vya mwanzo ulikuwa mwingi na mwepesi, na mara kadhaa uliingia mahali ambapo hadithi ilihitaji utulivu. Mhakiki alikuwa ameahidiwa vichekesho, akapima vichekesho, akakuta havitoshi.

Shabiki alikuwa na kipimo kingine. Alikuwa amelelewa na Star Trek ya miaka ya 1966 hadi 1969 na warithi wake, zile hadithi za chombo kinachokwenda sayari mpya kila wiki na kukuta huko swali gumu la utu. Katika kipindi cha tatu cha The Orville, afisa Bortus na mwenziwe, wa jamii inayojitambua kuwa ya wanaume watupu, wanapata mtoto wa kike. Je, mtoto abadilishwe awe wa kiume kama desturi inavyotaka? Shauri linafika mahakamani. Mtazamaji anacheka dakika ya kumi, na dakika ya arobaini anabaki ameshika tama. Shabiki aliona kwamba nyuma ya utani kulikuwa na mtu anayelipenda swali lenyewe, akaamua kuvumilia.

Muda ulimwunga mkono shabiki, lakini ulimsikiliza mhakiki pia. Katika sizoni ya pili utani ulipunguzwa, hadithi zikapewa nafasi, na alama za wahakiki zikapanda sana. Sizoni ya tatu ilitoka Hulu mwezi Juni 2022 ikiwa na jina la nyongeza, New Horizons, na uzito ambao wahakiki wa mwanzo hawakuutarajia. Mhakiki alikuwa ameeleza kazi ilivyokuwa siku ile. Shabiki alikuwa ameona inakoelekea. Kazi ilinyooka kwa sababu pande zote mbili zilisikika.

Kwa nini aina hii ni ngumu kuhukumu

Hadithi ya kisayansi inamwomba mtazamaji aamini: kuna chombo, kuna sayari, kuna kiumbe mwenye macho sita, na vyote vina kanuni zake. Kichekesho kinamwomba alegeze, azicheke kanuni hizohizo. Mtunzi anayeunganisha viwili hivi anatembea juu ya kamba. Akizidisha mzaha, dunia aliyoijenga inabomoka na hakuna anayejali nani atakufa. Akizidisha mitambo, kicheko kinakauka.

Halafu kicheko kina wenyewe. Mtu hucheka anachokitambua. Ndiyo maana vichekesho vingi vya aina hii vilianza kimya kimya, vikakuzwa na wasikilizaji kabla ya magazeti. The Hitchhiker's Guide to the Galaxy ya Douglas Adams ilianza redioni BBC Radio 4 mwezi Machi 1978, usiku, saa ambayo watu wengi wamelala. Waliokuwa macho waliwaambia wenzao. Red Dwarf, iliyoanza BBC2 mwaka 1988, inahusu kikundi kidogo kilichosalia ndani ya meli kuukuu ya anga, kikizozana juu ya chakula na usafi. Anayeishi na wapangaji wenzake kwenye nyumba yenye choo kimoja anaielewa bila kufafanuliwa.

Katika Kizazi Moto yenyewe mna kazi za namna hii. First Totem Problems ya Tshepo Moche wa Afrika Kusini inahusu msichana ambaye hawezi kuhesabiwa mtu mzima kisheria mpaka apate ishara yake ya ukoo, na kuipata kunampeleka hadi kwa mababu. You Give Me Heart ya Lesego Vorster inajenga dunia ambamo mtu huwa mungu kwa wingi wa wafuasi. Kila aliyewahi kufuatilia kitambulisho, akaambiwa arudi kesho na nakala nyingine, ana haki ya kuihukumu ile ya kwanza. Kila kijana anayehesabu wafuasi wake kabla ya kulala ana haki ya kuihukumu ile ya pili. Wako wengi Mkolani.

Baraza la kibanda umiza

Mkolani ni kata ya Wilaya ya Nyamagana, jijini Mwanza, kando ya barabara kuu ya kwenda Shinyanga. Ukitoka mjini kwa daladala unapita Mkuyuni, Butimba na Nyegezi, ndipo unafika, kabla ya Buhongwa. Kama ilivyo kwa mitaa mingi ya Tanzania, muvi huko hutazamwa kwa njia mbili kubwa: nyumbani, kwa fleshi iliyojazwa kwenye duka la muvi, na kwenye kibanda umiza.

Kibanda umiza kinajulikana. Kuta za mabati, mabenchi ya mbao, runinga imeinuliwa juu ili wa nyuma waone, spika mbili zinazotikisa bati, na pazia zito mlangoni ili mwanga usiingie. Siku za mpira ni za mpira. Siku nyingine ni za muvi, na muvi inayojaza mabenchi ni ile iliyotafsiriwa, yaani yenye sauti ya mtu anayeisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti za wenyewe.

Chukua Men in Black ya mwaka 1997, kichekesho cha kisayansi ambacho hakijazeeka. Kuna tukio ambapo mdudu kutoka anga za mbali amemuua mkulima na kuvaa ngozi yake. Anaingia jikoni, anamwamuru mke wa marehemu ampe maji yenye sukari, kisha anauvuta uso wake kwa nyuma kuunyoosha. Kwenye sinema ya Ulaya watu hucheka kisha hunyamaza. Kibandani, mtafsiri anamwonya mama huyo kwa jina alilompa mwenyewe, benchi la mbele linamwambia akimbie, benchi la nyuma linabishana kama ngozi ile imemkaa vizuri, na mtoto aliyeingia kwa kujipenyeza anauliza huyo mdudu anakula nini kwao. Katika dakika moja limeulizwa swali la uigizaji, la vazi, la mantiki ya hadithi na la sayansi yake. Mhakiki wa gazeti hutumia aya nne kuyafikia.

Sanaa hii ya usimulizi ina historia yake Tanzania. Kapteni Derek Gasper Mukandala, aliyejulikana zaidi kama Lufufu, aliifanya kuwa kazi yenye jina, na kanda alizozitafsiri zilisambaa nchi nzima. Kenya wana DJ Afro. Uganda, ng'ambo ya ziwa hilihili, msimulizi huitwa VJ, na huko ndiko usimulizi ulikoingia ndani ya filamu yenyewe. Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, alianzisha Ramon Film Productions mwaka 2005, na mwaka 2010 akatoa Who Killed Captain Alex?, filamu ya mapigano na vichekesho ambayo mwenyewe alisema imegharimu chini ya dola 200. Toleo ambalo dunia inalijua lina sauti ya VJ Emmie tangu mwanzo hadi mwisho: anawatania wahusika, anawashangilia, anatabiri mapigo kabla hayajatua. Wazungu walioiona mtandaoni waliipenda kwa wingi usiotarajiwa, na wengi waliichukulia sauti ile kama ubunifu mpya kabisa. Kwa mtu aliyekulia kwenye mabenchi ya Kampala au Mwanza, ilikuwa sauti ya jioni ya kawaida.

VJ na mtafsiri ni wahakiki. Wanachagua nini kielezwe, nani asifiwe, wapi pachekwe. Watazamaji nao wanawahakiki: mtafsiri akilegea, simu zinatolewa mifukoni na watu wanaanza kuaga. Hukumu hiyo haina nyota tano wala asilimia, lakini haina upendeleo pia, kwa sababu aliyeitoa amelipa kiingilio na hakupewa tiketi na kampuni. Vichekesho vya nyumbani vilipimwa hivyohivyo. Futuhi, kipindi cha Star TV, kituo chenye makao yake hapahapa Mwanza, hakikusubiri alama za gazeti. Mafanikio yake yalionekana pale misemo yake iliposikika kesho yake sokoni na kwenye daladala.

Ng'ombe wa Herderboy

Turudi kwenye Kizazi Moto, maana humo mna filamu ambayo ningependa sana ihukumiwe na Mkolani. Inaitwa Herderboy. Iliongozwa na Raymond Malinga wa Uganda, mwenye studio ya katuni Kampala. Inatupeleka kwenye ufalme wa Wachwezi wa siku zijazo, ambako wachungaji wanalinda ng'ombe waliounganishwa na mitambo dhidi ya viumbe wa ulimwengu wa roho, na mvulana mmoja mchungaji ana hamu ya kuthibitisha kwamba yeye ni shujaa.

Mhakiki wa London huenda aliona ng'ombe wa kupendeza na taa nyingi. Msifu kwa hilo. Lakini hadithi za Wachwezi zinasimuliwa Bunyoro na Ankole, na upande wetu zinasimuliwa Karagwe na Buhaya, na watu wa Kagera waliohamia Mwanza ni wengi. Usukumani, mtoto hujua rangi za ng'ombe kabla ya kujua herufi. Mtu wa namna hii akitazama Herderboy atauliza mengine. Mchungaji amesimama upande gani wa kundi hatari inapokuja? Mvulana mdogo angeachiwa kweli ng'ombe wa thamani hivyo? Mkubwa akimkaripia, anamkaripia kama baba, kama mjomba au kama askari? Wachwezi wanaheshimiwa, au wamekuwa pambo tu? Na huenda akacheka mahali ambapo mhakiki wa London hakujua pana kichekesho, kama pale mtoto anapojifanya ameweza huku kundi linamshinda. Kila aliyechunga anaijua aibu hiyo.

Majibu ya maswali hayo yangeweza kuwa sifa kubwa kuliko zote ilizopata filamu hiyo, au yangeweza kuwa lawama. Malinga na wenzake wanastahili kuyapata. Msanii wa Kampala anayesifiwa na New York tu hajui bado kama amewafikia jirani zake.

Mwanza inalijua pengo hili kwa uchungu. Mwaka 2004 Hubert Sauper wa Austria alitoa Darwin's Nightmare, filamu ya hali halisi iliyopigwa hapahapa, kuhusu biashara ya sangara, umaskini na ndege za mizigo. Si sayansi ya kubuni, ila mapokezi yake yanafundisha. Ulaya iliipa tuzo, na mwaka 2006 ikaingia kwenye mchujo wa Oscar. Mwaka huohuo Rais Jakaya Kikwete aliilaani hadharani na watu wakaandamana Mwanza. Wahakiki waliona ujasiri, wenyeji wakaona wamedhalilishwa. Hoja za wenyeji zilifika duniani kama makelele ya maandamano, kwa sababu uhakiki ulioandikwa kwa kina kutoka pwani ya ziwa, wa kukubali hili na kukataa lile kwa ushahidi, haukupata nafasi ya kusomwa mbali. Hasira bila maandishi hupita. Tuzo hubaki kwenye kumbukumbu.

Shabiki naye anamhitaji mhakiki

Nisieleweke kwamba benchi la kibanda halikosei. Benchi hupenda kilicho chepesi. Linachoka haraka na kazi inayodai subira, na likishamtukuza msanii, husamehe hata uvivu wake.

Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo, Ukerewe, mwandishi mkubwa kuliko wote waliotoka kwenye visiwa vya ziwa hili, alitoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991. Ni vitabu vya njozi na falsafa, na Mzingile inafika hadi kwenye dunia iliyoangamizwa. Wasomaji wengi waliozoea riwaya yake ya Rosa Mistika hawakujua wavishike wapi. Kama hukumu ingeachiwa wingi wa wasomaji, vingesahaulika. Wahakiki wa Kiswahili vyuoni ndio waliovisoma tena na tena, wakaonyesha milango ya kuingilia, na leo vinatajwa kila fasihi ya majaribio inapozungumzwa. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Walenisi ya Katama Mkangi wa Kenya, iliyotoka mwaka 1995. Mtu aliyehukumiwa kifo anarushwa kwenye chombo, anatua kwenye dunia nyingine yenye haki na usawa, na kejeli ya Mkangi inaigeukia dunia tuliyoizoea. Hiyo ni sayansi ya kubuni yenye kicheko, ya Kiswahili, iliyotoka miaka 28 kabla ya Kizazi Moto. Shabiki wa leo asiyeijua hana kosa. Hajapata mtu wa kumwambia.

Kumwambia ndiyo kazi ya mhakiki. Anakumbuka kilichotangulia, anaonyesha kazi mpya imetoka wapi, na anasubiri hadi mwisho kabla ya kufunga shauri. Shabiki anampa kitu asichoweza kujitengenezea: ushahidi kwamba hadithi imemgusa mtu, mahali gani, na kwa nini.

Kalamu ziko wapi?

Vifaa vyote tunavyo. Malimbe, jirani na Mkolani, kuna Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, kilichochipuka kutoka taasisi ya mafunzo ya Nyegezi ya mwaka 1960 na kupewa hadhi ya chuo kikuu mwaka 1998. Kinafundisha uandishi wa habari na mawasiliano kwa vijana wa nchi nzima. Redio ziko. Watafsiri wa muvi wako. Mabenchi yamejaa. Kinachokosekana ni desturi ya kuandika.

Namwomba mwanafunzi wa Malimbe aingie kibandani na daftari. Ikitoka tamthilia mpya ya kisayansi yenye vichekesho, ya Wamarekani au ya Waganda, asiandike baada ya kipindi kimoja. Afike angalau cha tatu, kwa sababu The Orville ilitufundisha kwamba cha kwanza kinaweza kudanganya. Aandike watu walicheka wapi na wapi walinyamaza. Amuulize mtafsiri kwa nini aliruka sentensi ile na kuongeza hii. Atenganishe kasoro ya kazi na ugeni wa kazi, maana benchi huvichanganya. Ataje kazi za Kiswahili zilizotangulia. Kisha atoe hukumu yake kwa Kiswahili safi, jina lake likiwa chini.

Namwomba mhariri wa gazeti na mtangazaji wa redio ampe nafasi. Ukurasa mmoja kwa wiki unatosha kuanzia, au robo saa hewani.

Nawe msomaji, usingoje asilimia za mtandao zikuambie kama umefurahi. Tazama, cheka au kasirika, halafu sema kwa nini. Kizazi kinachotengeneza hadithi za kesho kiko kazini Kampala, Nairobi na Cape Town, na kitafika Mwanza. Kinastahili kuhukumiwa na watu wanaokijua, kwa lugha iliyokipa jina lake.